Darasa Linapokwenda Baharini: Kutoka Tandanhangue hadi Ibo

Msafiri atokaye Mtwara kwenda kusini, akisha kuvuka mto Ruvuma, hana budi kurudisha saa yake nyuma kwa muda wa saa moja. Ukiacha jambo hilo, macho yake hayaoni tofauti kubwa. Minazi ni ileile, mikoko ni ileile, na vyombo vilivyolala juu ya mchanga wakati maji yamekupwa ni madau na mashua za namna ileile ijulikanayo Mikindani na Kilwa. Hata lugha isemwayo ufukweni haimtishi Mswahili, kwani Kimwani, lugha ya watu wa pwani hiyo, ni jamaa wa karibu sana wa Kiswahili, na msikilizaji mwenye subira huanza kuelewana na wenyeji wake kabla ya siku nyingi kupita.

Hii ndiyo pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Kwanza ni Quionga, kisha Palma, kisha Mocímboa da Praia. Na mbele ya bara, kwa urefu wa zaidi ya kilomita 200 kuelekea mji wa Pemba ulio makao makuu ya mkoa, vimejipanga visiwa vya Quirimbas, vipatavyo 32. Askari wa Tanzania waliotumikia katika jeshi la nchi za SADC, lililojulikana kwa jina la SAMIM, kuanzia Julai 15, 2021 hadi lilipoondoka mwaka 2024, wanazikumbuka njia za mkoa huo. Wengi wao waliiona bahari yake wakiwa na silaha mkononi. Makala haya yanaitazama bahari hiyohiyo kwa upande mwingine, upande wa mwalimu anayetaka kulipeleka darasa lake kisiwani likajifunze na kurudi salama.

PWANI YENYE MASOMO MENGI

Mwalimu wa pwani hiyo hahitaji kutafuta somo mbali. Akianza na historia, Quionga peke yake yatosha kwa kipindi kizima. Wajerumani waliinyakua mwaka 1894 wakaiunganisha na koloni lao la Afrika ya Mashariki. Wareno wakairudisha kwa nguvu mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yakaiweka rasmi upande wa Msumbiji. Watoto wanaocheza ufukweni hapo wanacheza juu ya mpaka uliogombaniwa na watu waliokaa Ulaya, na wenyeji hawakuulizwa lolote.

Akigeukia jiografia, hapo ndipo mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki, ukipita kaskazini ya Madagaska, unapolifikia bara la Afrika na kugawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini kuelekea Tanzania na Kenya, na maji mengine huteremka kusini katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Matumbawe, kasa, pomboo, na nyangumi wapitao katika miezi ya kusi, wote ni wenyeji au wageni wa maji hayo. Sehemu ya kusini ya visiwa hivyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas mwaka 2002, na mwaka 2018 UNESCO ikaitambua kuwa miongoni mwa maeneo ya hifadhi ya viumbe na binadamu duniani.

Kisiwa kinachofaa kuliko vyote kwa ziara ya wanafunzi ni Ibo. Kwa muda mrefu Ibo ilikuwa makao ya utawala wa Wareno katika sehemu hiyo, kabla ya madaraka kuhamia Pemba, ambayo wakati huo iliitwa Porto Amélia. Wavukao kwenda Ibo kutoka bara huanzia mahali paitwapo Tandanhangue, katika wilaya ya Quissanga, na njia yenyewe hupita katikati ya mikoko. Kwa mashua ya injini ni safari ya muda kama wa saa moja. Kwa tanga, upepo ndio ujuao.

BAHARI ILIYOKIMBILIWA

Lakini mtu asidhani kuwa kuwapeleka watoto wa pwani baharini ni jambo jepesi kwa sababu tu wamezaliwa karibu na maji. Mambo mawili yamelifanya kuwa zito.

La kwanza ni vita. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba, 2017. Mji huo ukatekwa Agosti 2020, na kukombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi, 2021. Katika miaka hiyo bahari ndiyo iliyokuwa njia ya kukimbilia. Mnamo Oktoba 2020 maelfu ya watu walishuka kutoka katika madau na mashua kwenye ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba, baadhi yao wakiwa wamekaa siku kadhaa majini bila chakula cha kutosha. Tarehe 29 Oktoba ya mwaka huo chombo kilichojaa watu waliokimbia kilizama kati ya Ibo na Matemo, na makumi ya watu, wakiwamo watoto, wakapoteza maisha. Mtoto aliyebebwa mgongoni katika safari za namna hiyo leo yumo katika umri wa kukaa darasani. Mwalimu akitamka neno mashua, mtoto huyo huenda akakumbuka usiku ule, na wala si masomo.

La pili ni desturi ya kujaza vyombo kupita kiasi. Tarehe 7 Aprili, 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, chombo cha uvuvi kilichochukua watu wapatao 130 kutoka Lunga kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji. Watu karibu 100 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto. Chombo hicho hakikuwa cha abiria. Watanzania hawana haja ya kuelezwa uchungu wa habari kama hiyo, kwa kuwa majina ya MV Bukoba, 1996, Spice Islander, 2011, na MV Nyerere, 2018, bado yanaliza watu majumbani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha namna ya kuzuia vifo hivyo.

Wazee husema kuwa ajali haina kinga. Msemo huo ulikusudiwa kuwafariji waliofikwa na msiba. Haukukusudiwa kuwapumzisha wale ambao bado wana nafasi ya kuuzuia.

KWANZA HABARI, KISHA MAJI

Maandalizi ya safari ya darasa huanzia ofisini. Mwalimu mkuu huuliza hali ya usalama kwa wakuu wa wilaya na vyombo vya ulinzi, huomba ruhusa ya wakuu wa elimu, na huiarifu ofisi inayosimamia vyombo vya majini. Katika wilaya ya Quissanga na visiwani jambo hili si la kutimiza desturi tu, kwani mapema mwaka 2024 wapiganaji waliingia Quissanga na hata kisiwa cha Quirimba. Jibu likiwa kwamba wakati haufai, safari huahirishwa bila mjadala. Darasa lililosubiri muhula mmoja halikupoteza kitu kisichorudishika.

Wanajeshi na polisi walioko katika sehemu hizo wana sehemu yao katika kazi hii. Orodha ya watoto, jina la chombo, saa ya kuondoka na saa ya kurejea zikiwa mikononi mwa kituo cha karibu, chombo kikichelewa kutakuwa na watu wanaojua wamtafute nani na wapi. Pasipo orodha hiyo, saa za kwanza za msako, ambazo ndizo zenye thamani, huishia katika kuulizana maswali.

MWEZI NDIO RATIBA

Baada ya ruhusa hufuata kalenda, na hapa mwalimu wa hesabu hupata nafasi yake. Majira ya kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, huleta mvua na hatari ya vimbunga. Tarehe 25 Aprili, 2019, kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo na kuharibu nyumba nyingi za Ibo. Majira ya kusi huleta upepo mkali, hasa katikati ya mwaka. Wakati wa demani, pepo zipunguapo, yaani Septemba na Oktoba, ndio wapendwao na manahodha kwa safari zenye watoto.

Ukishapatikana mwezi wa mwaka, hutafutwa siku ya mwezi. Njia ya Tandanhangue hupitika maji yajaapo. Yakikupwa, panapobaki ni tope na mizizi ya mikoko, na chombo kilichochelewa hukwama humo kwa saa nyingi, jua likiwa kichwani. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kwanza kwamba kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita muda wa saa 12 na dakika 25 hivi, na kwamba kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 kwa wastani kuliko siku iliyotangulia. Kisha huambiwa akokotoe.

Mathalani, maji yakijaa saa moja asubuhi, yatakupwa saa saba na dakika kumi hivi mchana, na yatajaa tena saa moja na dakika 25 usiku. Katika sehemu hiyo ya Msumbiji, kwa mujibu wa saa za nchi hiyo, jua hutua kabla ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Maana yake ni kwamba darasa litakalovuka kwa maji ya asubuhi haliwezi kurudi siku hiyohiyo kwa njia hiyo isipokuwa gizani. Na gizani, pamoja na watoto, hapavukwi. Basi safari ya Ibo ni safari ya kulala: darasa huenda siku ya kwanza na kurudi siku ya pili, maji yajaapo kama saa mbili kasoro dakika kumi.

Hesabu hiyo fupi ndiyo itofautishayo mpango mzuri na mpango wa kubahatisha. Mwalimu asiyeifanya huahidi wazazi kuwa watoto watarudi jioni. Ifikapo alasiri huona aibu kuvunja ahadi, na ndipo nahodha husukumwa aondoke wakati ambao yeye mwenyewe asingeondoka.

Nahodha naye ataongeza neno lake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kwa wingi na kukupwa mbali, na mikondo katika njia nyembamba huwa na nguvu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo hupoa lakini kina huwa kidogo. Siku tatu au nne baada ya bamvua, maji hujaa mapema asubuhi, nguvu yake ikiwa imeanza kupungua na kina chake bado kinatosha. Darasa likipata siku kama hizo katika mwezi wa Oktoba, limepata kheri.

CHOMBO NA MWENYE CHOMBO

Mwalimu huenda mwenyewe ufukweni kukiona chombo kabla ya siku ya safari, tena hukiona kikiwa kikavu juu ya mchanga. Hutazama kama mbao na kalafati zake ni nzima, kama ngama haina maji mengi, na kama upo wa kufulia maji, nanga na kamba yake, makasia na pondo vyote vimo, hata kama kuna injini. Huuliza injini ikizimika katikati ya njia kitafanyika nini. Nahodha ajibuye kuwa injini yake haizimiki hafai. Afaaye ni yule aonyeshaye tanga lililokunjwa vizuri na kusema litatwekwa wapi.

Huulizwa pia chombo kimeruhusiwa kuchukua watu wangapi, na hesabu hiyo haiongezwi hata kwa mtoto mmoja. Darasa la watoto 40 likipata mashua ya watu 20, waalimu nao wakiwa ndani ya hesabu, basi patahitajika mashua tatu, au watoto waende kwa zamu katika siku mbalimbali. Chombo cha kuvulia samaki hubaki kuwa cha kuvulia samaki. Mizigo ya wafanyabiashara, magunia na mapipa ya mafuta havipakiwi pamoja na darasa.

Liko jambo moja zaidi ambalo shule nyingi hulisahau, nalo ni malipo. Nahodha akijua kuwa hatapata kitu asipovuka, njaa ya watoto wake itamshauri avuke hata upepo ukiwa mbaya. Yafaa shule ikubaliane naye mapema kwamba siku atakayosema leo hakufai, atapewa sehemu ya ujira wake na safari itasogezwa. Fedha hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kinachonunuliwa nayo, ambacho ni ukweli wa nahodha.

Na akishapanda chomboni, yeye ndiye mkuu. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwalimu aliyezoea kutii kwa darasa zima hana budi kuwaonyesha wanafunzi wake namna ya kutii, anyamaze nahodha asemapo, akae aambiwapo akae. Askari walioko nyumbani wakisoma haya wataelewa upesi kwa nini amri mbili haziwezi kukaa katika mashua moja.

MAJUMA MAWILI YA MAZOEZI

Darasani, majuma mawili kabla ya safari hutosha kwa kazi yote. Wanafunzi huchora ramani ya njia kutoka Tandanhangue hadi Ibo. Hujifunza kutambua mikoko kwa majina yake, kwani mkoko wenye mizizi ya kusimama kama miguu ya buibui si mmoja na mchu unaochomoza vijiti vya kupumulia kutoka topeni, wala mlilana uliao mbele kabisa baharini si mmoja na mkandaa ukaao nyuma. Hufahamishwa kazi ya miti hiyo: hushika udongo, hupunguza nguvu ya mawimbi ya tufani, na hulea watoto wa samaki na kamba. Masomo ya shule nchini Msumbiji ni kwa Kireno, ingawa katika madarasa ya mwanzo lugha za nyumbani, Kimwani, Kimakonde na Kimakua, zimeruhusiwa. Juu ya jambo la bahari, mwalimu mwenye busara huacha Kimwani kiongoze, maana majina ya pepo, ya samaki na ya sehemu za chombo yamo katika vinywa vya babu na bibi za watoto. Mzee mmoja mvuvi akialikwa darasani kwa saa moja, hufundisha yasiyo katika kitabu chochote.

Nje ya darasa, mazoezi hufanywa ufukweni, maji yakiwa ya magoti na watu wazima wamesimama upande wa kina. Kila mtoto huvaa jaketi la kuokolea maisha lililo la kipimo chake. Kipimo hujulikana hivi: mtu mzima hulishika jaketi mabegani na kulivuta juu, likipanda hadi kufunika kidevu na masikio, ni kubwa mno, na majini litamponyoka mtoto. Kamba zote hufungwa, pamoja na ile ipitayo chini ya mapaja kama ipo. Kisha mtoto hulala chali juu ya maji, mikono imepanuka, akapumua polepole, akajiona kwamba anaelea. Anayejua kuogelea hufanya zoezi lilelile na asiyejua. Bahari haivukwi kwa kuogelea, na wengi waliozama walikuwa waogeleaji. Mwisho hufunzwa kwamba chombo kikipinduka, mtu hashindani na maji kuifuata nchi kavu. Hushika chombo, huwakusanya wenzake, na hukaa pamoja nao.

Kwa wale ambao bahari iliwatisha wakati wa vita, mazoezi huenda kwa hatua. Siku ya kwanza mtoto huketi tu ndani ya mashua iliyo juu ya mchanga. Siku nyingine huketi ndani yake ikiwa inaelea, nanga imetiwa, na mzazi au mlezi amesimama karibu. Hachekwi, hasukumwi, wala halinganishwi na mwenzake. Akitaka kueleza aliyoyaona, husikilizwa, asipotaka, haulizwi. Akifika siku ya safari na moyo wake bado haujakubali, hubaki bara na kupewa kazi ya heshima, ambayo itaelezwa mwishoni.

BARUA NA KIKAPU

Nyumbani, maandalizi huanza kwa barua ya mwalimu. Barua nzuri hutaja siku, saa ya maji, jina la nahodha, mahali pa kulala Ibo, waalimu watakaofuatana na darasa, na siku ya pili ya akiba kama ya kwanza itaharibika. Huuliza mambo ambayo mwalimu hayajui: mtoto ana kifafa au pumu, anatumia dawa gani, ana mzio wa chakula gani. Kwa familia ambazo baba yuko kazini mbali, kambini au kituoni, barua hupelekwa mapema ili mama apate kushauriana naye, na si usiku wa kuamkia safari.

Kikapu cha mtoto kisiwe kizito. Chupa ya maji ya kunywa yenye jina lake. Kofia au kitambaa cha kichwa. Nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya jua. Nguo ya kubadilisha na upande wa khanga wa kujifunika usiku, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Na viatu vya kukanyagia mawe, visivyo vya kuteleza. Wasichana wa pwani hiyo wana kinga yao ya jadi, msiro, unga mweupe upatikanao kwa kusugua kipande cha mti juu ya jiwe lenye maji na kupakwa usoni. Nao hauna ubaya wowote.

Chakula cha asubuhi kabla ya kupanda kiwe chepesi na kikavu: muhogo wa kuchemsha, mkate au viazi vitamu. Tumbo tupu huleta kigegezi sawa na tumbo lililojaa vitu vya mafuta. Mtoto aanzapo kuchafukwa huketishwa katikati ya chombo, ambapo pana mtikisiko mdogo, na kuambiwa atazame mbali, mstari wa bahari na mbingu, asiangalie miguu yake. Kipande kidogo cha tangawizi cha kutafuna huwasaidia wengi.

Katika sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na bendeji na dawa ya vidonda, pawe na chupa ya chai yenye maji ya moto. Mtoto akichomwa na samaki mwenye miiba ya sumu, mguu wake hutiwa katika maji ya moto kwa kadiri anavyovumilia bila kuungua, maumivu yakatulia huku akipelekwa kwa mganga. Maji hayo hujaribiwa kwanza na mtu mzima kwa mkono wake mwenyewe. Makombe yenye umbo la pia, hata yakiwa mazuri namna gani, hayaokotwi, kwa maana baadhi yake yana mnyama hai mwenye mshale wa sumu.

KISIWANI

Ibo huwalipa watoto kwa taabu zote hizo. Chombo kikitoka katika kivuli cha mikoko, mji huonekana umekaa chini juu ya maji, nyumba zake za mawe na chokaa zikiwa na baraza pana zenye nguzo, nyingine nzima, nyingine zimemea mizizi ya miti ukutani. Ngome kubwa ya São João Baptista, iliyojengwa mwaka 1791 kwa umbo la nyota, ndiyo kitabu cha wazi cha historia ya kisiwa. Katika karne ya 18 na ya 19 watumwa walipitishwa Ibo kupelekwa katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi na kwingineko. Katika wakati wa vita vya ukombozi, vilivyoanza tarehe 25 Septemba, 1964 katika mkoa huohuo wa Cabo Delgado, ngome hiyo ilifanywa gereza la wafungwa wa kisiasa, na wengi walioingia hawakutoka. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni, 1975. Leo ndani ya kuta zilezile mafundi wa fedha huketi chini wakisokota nyuzi nyembamba za madini kuwa mikufu na vipuli, kwa nyenzo ndogo na macho makali. Mwanafunzi aambiwe atazame vyote viwili, chumba cha wafungwa na mikono ya fundi, kisha aandike.

Mchana, maji yakikupwa, darasa hushuka pwani pamoja na mtu wa kisiwani ajuaye saa ya kurudi. Watoto huwaona wanawake wakiokota chaza na kome, huona kiti cha pweza, jongoo wa bahari na kaa. Kila kinachoinuliwa hurudishwa mahali pake. Maji yaanzapo kugeuka, wote hupanda juu bila kungoja. Jioni watoto huulizwa yale waliyoyahesabu darasani: je, maji yamekupwa saa waliyoikisia? Tofauti ikiwa ya dakika chache tu, watoto hufurahi kuliko walivyofurahia ngome.

KUHESABU

Katika safari nzima, kazi isiyokoma ni kuhesabu. Watoto hupangwa wawili wawili, na kila mmoja humjibia mwenzake. Huhesabiwa kabla ya kupanda, wakisha kuketi, wakisha kushuka, kabla ya kulala, waamkapo, na kila wahamapo kutoka mahali hadi mahali. Huhesabiwa kwa majina na si kwa idadi tu, kwa sababu idadi yaweza kutimia kwa mtoto asiye wa darasa hilo aliyejichanganya nao.

Orodha huandikwa nakala tatu. Moja hukaa na mwalimu ndani ya mfuko usioingia maji, moja kituoni kwa askari, na ya tatu hubaki Tandanhangue. Hiyo ya tatu ndiyo kazi ya mtoto ambaye moyo wake haukuwa tayari. Siku ya kuondoka husimama pamoja na mwalimu aliyebaki, akatia alama mbele ya kila jina lipandalo chomboni. Siku ya pili, asubuhi, maji yakiwa yanajaa, hurudi na karatasi ileile. Mashua hutokea katika uchochoro wa mikoko, tanga limeshushwa, nahodha akisukuma kwa pondo. Wenzake hushuka mmoja mmoja, miguu ina tope hadi magotini, na yeye husoma majina kwa sauti, akitia alama ya pili mbele ya kila jina.

Mpaka jina la mwisho litakapotiwa alama, hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Wala mama aliyekuja kumpokea mwanawe, wala mwalimu, wala nahodha.